Majaribio ya kadi katika filamu za nguvu za akili: yalifanyika kweli?

Mkazi wa Mafinga:
Habari zenu, wanajukwaa. Juzi tulitazama filamu ya televisheni ya sayansi ya kubuni, ambamo binti anafungiwa chumbani na kutakiwa kutaja alama za kadi zinazofunuliwa na mtaalamu aliyeko chumba cha pili, naye anazitaja zote bila kukosea, kisha jeshi linamchukua awe jasusi. Baba, aliyekuwa akitazama nasi huku akiota moto wa jiko la mkaa, alisema huo ni uchawi uliovikwa koti jeupe. Naomba mwenye ujuzi anieleze: je, majaribio ya namna hiyo yamewahi kufanyika, na yalionyesha nini?

Mwalimu, Uyole:
Ndugu yangu, yalifanyika, tena kwa miaka mingi. J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alitumia kadi 25 zenye alama za duara, msalaba, mawimbi, mraba na nyota, kila alama ikiwa kwenye kadi 5, hivyo anayebahatisha tu hupata wastani wa 5. Mwaka 1934 alichapisha kitabu akidai kwamba baadhi ya watu walizidi kiwango hicho mara kwa mara. Wakosoaji walibaini kwamba baadhi ya kadi zilikuwa nyembamba kiasi cha alama kuonekana kwa nyuma, na kwamba katika majaribio kadhaa mpimwaji aliketi karibu na mpimaji, akaweza kuusoma uso wake. Watafiti wengine waliporudia kwa masharti makali zaidi, hawakupata matokeo yale. Filamu huyaruka haya yote, nami sizilaumu, kwani nani atakaa saa mbili akimtazama binti anayepata kadi 5?

Msomaji wa Njombe:
Hata habari ya jeshi haikubuniwa yote. Kuanzia miaka ya 1970 serikali ya Marekani iligharamia watu waliodai kuona mahali pa mbali kwa akili, katika mpango ambao mwishowe uliitwa Stargate. Ulifungwa mwaka 1995 baada ya tathmini kuonyesha kwamba taarifa zake hazikuwahi kuongoza operesheni yoyote ya kijasusi. Mfikishie mzee shikamoo yangu. Hilo koti jeupe amelisema vizuri.

Mkazi wa Mafinga:
Ameipokea, anasema marahaba. Je, naweza kulifanya jaribio hili na wanafunzi wa klabu ya sayansi?

Mwalimu, Uyole:
Unaweza. Kata kadi nene za boksi, mpimaji akae chumba kingine, na kadi zichanganywe upya kwa kila mwanafunzi. Wakiwa 40, tarajia wawili hivi wapate 9 au zaidi kwa bahati tupu, na hao ndio mtakaotamani kuwaita wateule. Wapimeni upya siku nyingine, na mwandike matokeo ya wote, pamoja na ya waliopata 2.