Nabuni begi la mgongoni la kila siku, sampuli ya pili nayo imenigomea. Naombeni ushauri kabla sijakata kitambaa chenyewe

FundiChipukizi:
Wakuu, habari zenu. Kwa miezi kadhaa nahangaika na begi moja litakalonifaa kazini, mazoezini na kwenye safari ya siku mbili. Nimechoka kuhamisha vitu kila asubuhi halafu nagundua chaja imebaki kwenye begi jingine. Nimelipima lita 24 hivi: urefu sm 46, upana sm 29, kina sm 18.

Sampuli ya kwanza niliishona kwa shuka kuukuu, vipimo vikanipendeza. Ya pili nikaishona kwa turubai jepesi na kuibeba wiki tatu, na hapo ndipo madhaifu yakajitokeza. Linanivuta nyuma utadhani kuna mtu kaning'inia mabegani. Mkanda wa kulia umeanza kung'oka pale juu unaposhikana na begi. Nikilitua chini, kona ya kompyuta inagonga sakafu. Mifuko nimeweka kumi na mmoja, lakini funguo bado nazisaka kwa kupapasa begi zima.

Nimeshanunua nailoni ya denia 1000 na naogopa kuiharibu. Nianzie wapi?

Bitana:
Hongera kwa kuibeba wiki tatu. Wengi tunaivaa mbele ya kioo dakika mbili, tunaridhika.

Kuvutwa nyuma ni suala la mahali mzigo ulipokaa. Kompyuta uliiweka upande gani? Kitu kizito kuliko vyote kinatakiwa kigusane na mgongo wako. Kila sentimita unayokisogeza nje inaongeza mvuto. Punguza pia kina kifike sm 15, maana begi nene likijaa linavimba kwenda nyuma. Mikanda ya mabega usiishone kwanza. Ibane kwa pini, tia vitabu vya kilo sita, tembea, isogeze, tembea tena. Ikiachana sana juu itateleza mabegani, ikikaribiana sana itakukwaruza shingo.

Mfuko wa kompyuta uning'inize ukomee sm 3 juu ya kitako cha begi. Ukilitua kwa nguvu, kona haitafika chini.

FundiChipukizi:
Niliiweka upande wa mbele, karibu na zipu, ili niitoe haraka. Kumbe ndiyo iliyokuwa inanivuta!

Sindano18:
Mimi nauliza habari ya mkanda. Uliuingiza kwenye mshono ukapiga mstari mmoja?

FundiChipukizi:
Ndiyo mkuu, mmoja, na uzi wa kushonea nguo.

Sindano18:
Basi kungekuwa ajabu usingeng'oka. Mkanda upite ndani ya mshono sm 4 zaidi, uwekee kiraka cha mkanda mpana kwa nyuma, kisha upige mraba wenye msalaba katikati. Uzi uwe wa nailoni au poliesta wa Tex 70 (Tex ni kipimo cha unene wa uzi), sindano namba 16 au 18. Hatua ya mshono iwe mm 3 hadi 4. Wengi hudhani kushona kwa kubana ndiyo uimara, lakini matundu yakisongamana kitambaa kinachanika kwa kufuata mstari kama stempu.

Kuhusu denia 1000: denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa hiyo namba ikipanda uzi unanenepa. Begi zima la 1000 litakuwa zito kabla hujatia kitu, na cherehani ya nyumbani itakwama ukifika penye tabaka nne. Hiyo weka kwenye kitako, mwili tumia 500.

MzigoMwepesi:
Mifuko kumi na mmoja ni mingi mno, nakuambia kwa nia njema. Kwa wiki moja andika kila unachotoa begini na mara ngapi. Kinachotoka mara tano kwa siku kipate mfuko wake, vingine vikae pamoja. Kitambaa cha ndani kiwe cha rangi nyepesi, ndani ya begi jeusi funguo hazionekani. Na zipu ishuke mpaka chini pande zote mbili, lifunguke kama sanduku.

Bitana:
Hapo kwenye zipu sikubaliani nawe. Kwa begi la kila siku, zipu ikomee theluthi mbili. Ikifika chini, mtu akiifungua amesimama vitu vyote vinamwagika. Ila iwe namba 8 au 10, namba 5 iachie mifuko midogo.

FundiChipukizi:
Nimerudi baada ya wiki. Vitu ninavyotoa mara kwa mara ni vinne tu: funguo, simu, chupa ya maji, kalamu. Nimeshona sampuli ya tatu kwa amerikani, kompyuta iko mgongoni, kina sm 15, na mabega yamepumzika kweli. Zipu nimefuata theluthi mbili. Swali la mwisho: nailoni ina utando wa kuzuia maji. Nikishaishona utaendelea kuzuia?

Sindano18:
Kitambaa kitazuia, mishono itavujisha, kwa sababu kila tundu la sindano ni njia ya maji. Utando ukae upande wa ndani, mishono ya juu izibe kwa utepe maalumu, na zipu ifunike kwa ulimi wa kitambaa. Na pini usizitumie tena katikati ya kitambaa hicho, tundu lake halizibiki. Bana kwa vibanio vya nguo.