Mtu akianguka na kutetemeka, niandike nini kwenye barua ya rufaa?

Mhamasishaji wa Kayole

Habari zenu wadau. Swali langu ni kwa wanaopokea wagonjwa kliniki. Huku mitaani, wahamasishaji wa afya ya jamii tunaandika "kifafa" kwa kila aliyeanguka, "akili" kwa kila anayezungumza peke yake na "mishipa" kwa mengine yote. Nataka kuandaa ukurasa mmoja wa Kiswahili wa kikundi chetu, ili anayeandika Kayole na anayesoma katika hospitali ya Mathari au Kenyatta waelewane. Niweke maneno yapi, nitoe yapi? Na familia niwaulize nini hasa?

Tabibu wa Eastlands

Anza kwa kutoa majina ya magonjwa. Andikeni kilichoonekana, jina tutalitafuta sisi. Kwa kawaida hatusemi mtu ana kifafa kwa sababu ameanguka mara moja. Tunatafuta matukio angalau 2 yaliyopishana kwa zaidi ya saa 24, bila kichocheo cha wakati ule kama malaria kali, homa ya uti wa mgongo au sukari kushuka. Mnywaji wa chang'aa wa kila siku akikatiza pombe ghafla anaweza kutetemeka na kupoteza fahamu ndani ya siku 2 za kwanza, na hicho si lazima kiwe kifafa. Kwa hiyo andikeni alikunywa lini mara ya mwisho. Mtoto wa kati ya miezi 6 na miaka 5 aliyeshikwa akiwa na homa, andikeni "degedege lenye homa" na kiwango cha joto kama mmepima. Huyo aletwe siku hiyohiyo, kwa sababu lazima malaria na homa ya uti wa mgongo ziondolewe kwanza.

Mtafuteni shahidi. Mgonjwa mara nyingi hakumbuki lolote, kwa hiyo barua yenye maneno yake peke yake hainisaidii sana. Muulizeni shahidi kwa mpangilio: kabla, wakati, baada.

Kabla: alikuwa amesimama kwenye foleni juani, akaona damu, akatoka jasho na kugeuka rangi? Hapo nafikiria kuzirai. Au alisikia harufu isiyokuwepo, kitu kikampanda kutoka tumboni, akakodoa macho bila kujibu? Hapo nafikiria tukio lililoanzia sehemu moja ya ubongo. Wakati: alikakamaa kwanza kisha akatetemeka, au alilegea tu? Mkono upi ulianza? Macho yalikuwa wazi au yamefumbwa? Ilichukua muda gani kwa saa? Watu husema "nusu saa" kwa kitu cha dakika 2, kwa hiyo waambieni familia wapige video ikiwa mtu mwingine anamhudumia mgonjwa. Baada: aliyezirai huzinduka upesi na anajua yuko wapi, aliyepatwa na kifafa cha mwili mzima huamka amechanganyikiwa, akalala, kichwa kikamgonga.

Kuna mitego hapa. Kuzirai kunaweza kuleta mitetemo michache ya mikono, na kujikojolea hutokea kwa yote mawili. Ulimi ulioumwa ubavuni una uzito zaidi. Macho yaliyofumbwa kwa nguvu, kichwa kikienda kulia na kushoto kwa muda mrefu, hutufanya tufikirie matukio yasiyotokana na umeme wa ubongo. Hayo ni ugonjwa pia, msiandike "anajifanya".

Na usimsahau mtoto anayeganda sekunde chache katikati ya sentensi kisha akaendelea kana kwamba hakuna kitu. Mwalimu anasema anaota mchana. Andikeni ni mara ngapi kwa siku.

Muuguzi wa Zamu

Nakubaliana na Tabibu, nami naongeza upande wa akili. "Amechizi", "kichaa" na "ana mapepo" yafutwe, si kwa adabu tu, bali kwa sababu hayanielezi kitu. Andikeni: "anasikia sauti ambazo wengine hawazisikii", "anasema jirani anamwekea sumu", "hajalala usiku 3 na hachoki", "ameacha kuoga tangu mwezi uliopita". Malalamiko ya mwili yaandikwe kama alivyosema: kichwa kinawaka moto, moyo unaenda mbio, kuna kitu kinatembea kichwani. Huzuni nyingi hapa Nairobi huingia kliniki kwa mlango huo.

"Msongo wa mawazo" hutumiwa kwa kila kitu, kuanzia kodi ya nyumba hadi ugonjwa kamili. Kama ni huzuni, au kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, andikeni hivyo na muda wake, pamoja na usingizi na hamu ya chakula. Muulizeni waziwazi kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumtii wazo hilo kichwani. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na barua ianze na sentensi hiyo.

Kosa linaloua ni lingine: mtu aliyekuwa mzima juzi, leo hajui alipo, mara anasinzia mara anarukaruka, ana homa au kichwa kimemuuma kwa wiki kadhaa. Huyo hapelekwi kliniki ya akili. Anapelekwa kitengo cha dharura sasa hivi. Andikeni "kuchanganyikiwa ghafla", lini kulianza, na kama ana kisukari au anaishi na virusi vya ukimwi.

Mazoezi ya Viungo

Naomba "mishipa" itolewe kabisa. Mmoja akisema mshipa anamaanisha wa damu, mwingine neva, mwingine kano, na wazee wengine ngiri! "Mguu umekufa" nayo ina maana mbili. Mguseni kwa pamba akiwa amefumba macho: asipohisi, ni ganzi. Mwambieni ainue mguu: asipoweza, ni udhaifu au kupooza. Ganzi iliyoanzia nyayo zote mbili na kupanda kama soksi inatufanya tuulize kisukari kwanza, na pia pombe na dawa za kifua kikuu.

Uso uliopinda: mwambieni akunje paji la uso. Upande uliolegea ukishindwa hata hapo, na jicho halifungi, huenda ni neva ya uso yenyewe. Paji likikunjika vizuri, fikirieni kiharusi. Lakini msikae mkijadiliana barabarani. Uso uliopinda ghafla uende hospitali. Kwa kiharusi andikeni saa ambayo alionekana mzima mara ya mwisho, si saa mliyomkuta. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, na ni baada ya skani ya kichwa kuonyesha kwamba hakuna damu iliyovuja. Ndiyo sababu msimpe aspirini nyumbani. Chai pia asipewe, maana anaweza kupaliwa.

Mfamasia

"Anatumia dawa nyeupe" haitoshi. Pigeni picha ya pakiti: jina, miligramu, mara ngapi kwa siku, dozi ya mwisho alimeza lini. Matukio yakirudi, swali la kwanza ni kama dawa iliisha au aliruka dozi. Fenobabitali, dawa ya kifafa, ikikatwa ghafla inaweza kuleta mishtuko mfululizo, hupunguzwa polepole.

Mwanamke anayeweza kushika mimba akiwa kwenye valproeti, nayo dawa ya kifafa, iandikeni juu kabisa, kwa sababu inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ila asiiache mwenyewe. Kabamazepini, pia ya kifafa, hupunguza nguvu ya vidonge na vipandikizi vya kupanga uzazi, na inaweza kuwazidishia wale watoto wanaoganda. Upele wenye vidonda mdomoni wiki za kwanza za dawa hizi: hospitali siku hiyohiyo, na pakiti mkononi.

Mhamasishaji wa Kayole

Asanteni sana. Mawili yamebaki. Mtu akishikwa mbele yetu tufanye nini, na wakimtuma kupimwa EEG (kipimo cha umeme wa ubongo) tuwaambie nini familia?

Tabibu wa Eastlands

Angalieni saa. Ondoeni vitu vigumu na jiko, wekeni nguo chini ya kichwa, legezeni kola, na mitetemo ikitulia mlazeni ubavu. Kijiko, kidole wala maji visiingie mdomoni. Msimkandamize. Mate yake hayaambukizi kifafa, mguseni. Ikipita dakika 5, au akishikwa tena kabla hajazinduka, ni dharura.

EEG: nywele zioshwe, zisiwe na mafuta, wivingi itolewe na misuko ifumuliwe, kwa sababu vipokezi lazima viguse ngozi ya kichwa. Wengi hurudishwa kwa sababu ya misuko tu, nauli ikapotea. Dawa aendelee kumeza isipokuwa daktari amesema vinginevyo. Majibu yakisema "kawaida", kifafa bado kinaweza kuwepo. Na mtu mzima aliyeshikwa kwa mara ya kwanza anahitaji skani pia. Mojawapo ya tunayotafuta ni vifuko vya tegu wa nguruwe kwenye ubongo. Hivyo hutokana na mayai ya tegu yanayotoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye mnyoo huo, kupitia mikono au mboga zisizooshwa. Hata asiyekula nguruwe huvipata.