Je, Esau na Yakobo walipatana kweli?

Kifunguamimba:
Ndugu zangu, naomba msaada wa kuisoma Mwanzo 33. Esau, aliyekusudia kumwua mdogo wake Yakobo kwa sababu alimchukulia baraka ya baba yao, anamkimbilia, anamkumbatia na kulia naye. Lakini katika sura hiyohiyo Esau anarudi Seiri na Yakobo anaelekea Sukothi. Nauliza kwa sababu yangu mwenyewe: marehemu baba alimwandikia mdogo wangu kiwanja tulichokichangia sote, na tangu hapo tunasalimiana misibani tu. Mama anataka tupatane kabla ya Krismasi. Je, kupatana ni lazima turudi kula sahani moja?

Mwalimu wa Jumapili:
Tazama zawadi kwanza. Yakobo alitanguliza mbuzi 220, kondoo 220, ngamia 30 wanyonyeshao pamoja na watoto wao, ng'ombe 50 na punda 30. Esau alikataa akisema anavyo tele, lakini mdogo wake alimsihi hadi akapokea, naye Yakobo aliviita vitu hivyo kwa neno lilelile la Kiebrania, *beraka*, linalotaja baraka aliyoitwaa kwa hila. Aliyekosa hakujificha nyuma ya msamaha wa mwenzake. Mdogo wako amewahi kukuambia neno lolote kuhusu kiwanja?

Msomaji wa Tanga:
Mimi ni Mwislamu, na katika Sura Yusuf, aya ya 8, nasikia nung'uniko hilohilo: wale ndugu walisema kwamba Yusuf na nduguye wanapendwa zaidi na baba. Iko pia hadithi ya Nu'man bin Bashir, ambaye baba yake alimpa zawadi na kumwomba Mtume awe shahidi. Mtume aliuliza kama watoto wote wamepewa mfano wake, na alipojibiwa hapana, akakataa kushuhudia. Kwa hiyo, kaka, kumbuka kwamba kalamu ilikuwa mkononi mwa baba. Mdogo wako alipewa. Hapo hafanani na Yakobo.

Kitindamimba:
Nasi wadogo tusemewe! Kuhusu Esau na Yakobo kukaa mbalimbali, Mwanzo 36 inaeleza kwamba nchi haikuweza kuwatosha kwa wingi wa mifugo yao. Na Isaka alipofariki, walimzika pamoja.

Kifunguamimba:
Hilo la kalamu sikuwa nimelitazama. Mwalimu, ukweli ni kwamba mwaka jana alinitumia ujumbe akitaka tukipime kiwanja upya tukigawane, nami kwa hasira sikumjibu. Jioni hii nitampigia, na mama awepo.