Tupeane uzoefu: wanafunzi wako waliunda nini kwa hisabati?

Wadau, salaam. Tusimuliane kazi za mikono zilizowafanya wanafunzi waihitaji kanuni kabla hujawaandikia ubaoni. Naanza mimi.

Kila kundi nililipatia karatasi moja ya A4, sentimita 21 kwa 29.7. Kata miraba minne iliyo sawa kwenye pembe, kunja kingo, upate boksi lisilo na mfuniko. Litakalobeba mchanga mwingi ndilo mshindi. Wengi walikata miraba midogo sana ili wasipoteze karatasi. Mraba wa sentimita 1 ukawapa sentimita za ujazo 526 tu, huku kundi lililokata sentimita 5, ambalo wenzao walilicheka, likipata 1,083. Darasa lilichemka! Wakaomba wenyewe kuchora grafu. Kilele kikaonekana kidogo tu baada ya sentimita 4, ujazo ukiwa kama 1,128. Nilipoandika x(21 − 2x)(29.7 − 2x), hakuna aliyeuliza x ni nini, maana walikuwa wameshaikata kwa mkasi.

Mwalimu wa Zamu:
Hongera, mwalimu. Sisi tulisanifu njia ya kiti cha magurudumu kwa uwiano wa 1:12, yaani kupanda sentimita 1 kwa kila sentimita 12 za kwenda mbele. Mlango uko juu kwa sentimita 45, kwa hiyo njia inataka mita 5.4. Mbele ya mlango kuna mita 4 tu. Mmoja akapendekeza waongeze mwinuko kidogo. Mwenzake akamjibu, "Wewe ndiye utakayemsukuma?" Ikabidi njia ikunje kona, na kwenye kona wakaweka sehemu tambarare ya kupumzikia. Kwangu, swali lile lilifundisha uwiano kuliko mazoezi yote ya kitabuni.

Mzazi Mdadisi:
Binti yangu alijenga daraja la mirija. Fremu za mraba zililala upande zilipoguswa. Alipopitisha mrija mmoja wa mshazari kila fremu ikawa pembetatu mbili, ikasimama imara. Ila nina swali: mnasahihishaje? Naona mapambo yanapewa alama nyingi mno.

Mwalimu wa Zamu:
Mzazi, hilo ni kweli, na linawaumiza watoto wenye hesabu nzuri na mikono mizito. Mimi nasahihisha mchoro wa skeli na vipimo kwanza. Kundi lisilo na mchoro halipewi kadibodi wala gundi.