B-52 inabaki, B-2 inaondoka: Marekani wanapima vipi uzee wa ndege?

Wakuu, mpango wa Jeshi la Anga la Marekani kuhusu ndege zake za mabomu unanipa maswali. B-52 ya mwisho ilitoka kiwandani mwaka 1962. B-2, zilizoundwa kukwepa rada za adui, zilianza kazi miaka ya 1990. Sasa B-21, iliyoruka mara ya kwanza Novemba 2023, inakuja kuchukua nafasi ya B-1 na B-2, ilhali babu yao anabaki! B-52 zilizopo, 76, zinapangiwa rada mpya na injini mpya za Rolls-Royce, nane kwa kila ndege, ili ziruke hadi miaka ya 2050.

Wengi hapo hucheka. Mimi sioni cha kuchekesha. Siku hizi B-52 haihitaji kujipenyeza kwenye anga ya adui. Inafyatua makombora ikiwa mbali na kugeuza. Kwa kazi hiyo bodi lake linatosha. Iliyochoka ni B-1. Miaka ya kuzunguka juu ya Afghanistan na Iraq, kazi ambayo haikuundiwa, iliitafuna, na 17 ziliondolewa mwaka 2021. Kwa hiyo sina ubishi.

Ubishi wangu ni B-2. Mpango wa awali ulikuwa ndege 132. Vita Baridi ilipoisha, zikaishia 21. Leo zimebaki 19. Wanaotaka ziondoke mapema wanasema kikosi kidogo namna hiyo ni ghali mno kukitunza, vipuri ni vya kusaka, na fedha hizo ziende kwenye B-21. Hoja nzito, siikatai. Lakini Juni 2025, ilipoamuliwa kupiga Fordow, kituo cha nyuklia kilicho chini ya mlima huko Iran, zilitumwa B-2 saba zikiwa na GBU-57, mabomu ya kupenya chini kabisa ya ardhi, kila bomu karibu kilo 13,600. Hakuna ndege nyingine iliyowahi kulidondosha bomu hilo vitani.

Wanaahidi B-21 zisizopungua 100. Sawa, ila hata hizo 132 zilikuwa ahadi. Ndiyo maana nasema B-2 iondolewe kwa kuhesabu B-21 zilizokwisha kufika kikosini zikiwa tayari kwa vita, si kwa kutazama kalenda. Anayetaka tarehe ipangwe leo anijibu: bajeti ikikatwa tena katikati, pengo hilo ataliziba na nini?