Mayai ya Nephrurus levis yanaharibika kabla ya kuanguliwa: shida ni unyevu au jike?

MchangaMwekundu
Wakuu, naomba ushauri. Nafuga dume na jike wa Nephrurus levis, wale geko wa nyika kame za Australia wenye kifundo kwenye ncha ya mkia. Jike anataga mawili mawili kama ilivyo kawaida yao, ila hakuna yai linalofika mwisho. Ya mwanzo niliyakuta mchangani yameshabonyea. Yaliyofuata niliyawahi, nikayaweka kwenye vemikulaiti (chembe nyepesi za madini zinazoshika maji) na maji, kikombe kwa kikombe, nyuzi 28. Yakavimba, yakatoa jasho la manjano, yakaota ukungu. Boksi la kutagia lina mchanga wa sentimita 5. Nyenje nawapaka kalsiamu mara moja kwa wiki. Dume na jike wanakaa pamoja muda wote. Nirekebishe nini? Halafu kuna jozi ya Nephrurus amyae inauzwa. Naweza kuwafuga kwa mpangilio huu huu?

Kifundo
Mkuu, una matatizo mawili na yanakinzana: ya mwanzo yalikauka, ya pili yalizama.

Mayai ya hawa geko hayana gamba gumu kama ya mjusi kafiri wa ukutani. Gamba ni laini, linaingiza maji na kuyatoa. Yakitagwa kwenye mchanga mkavu wenye joto, saa chache tu zinatosha kuyabonyesha. Mpe jike boksi lenye mchanga laini wa kina cha sentimita 10 hadi 15, upande wa joto. Mchanga uwe na unyevu wa kushikana ukiufinya, bila kudondosha maji. Juu pakikauka si neno, mradi chini pabaki na unyevu, maana jike huchimba hadi aupate. Sentimita 5 hazimtoshi. Atachimba ovyo na kutaga popote.

Kosa la pili ni kile kikombe. Vemikulaiti ni nyepesi mno, kwa hiyo kikombe kwa kikombe maana yake maji yana uzito mara kadhaa wa vemikulaiti. Pima kwa mzani: gramu 100 za vemikulaiti, gramu 80 za maji, usizidi 100. Ukiifinya kwa nguvu isitoe zaidi ya tone moja mawili. Kisha pima uzito wa kopo zima likiwa na mayai na uandike juu ya mfuniko. Kila wiki lirudishe mzanini. Kilichopungua ndicho maji ya kuongeza, na uyamwage pembeni, si juu ya mayai. Mvuke ukijikusanya kwenye mfuniko na kudondokea mayai, inamisha kopo kidogo ili matone yateleze ukutani.

JikeKwanza
Nakubaliana na Kifundo kuhusu maji, ila mimi ningeanza na jike mwenyewe. Mtenge na dume leo hii. Dume akibaki humo atamsumbua msimu mzima, na wala hahitajiki: jike huhifadhi mbegu na anaweza kutaga mara kadhaa baada ya kupandwa mara moja. Kwa sababu hiyo usitegemee kwamba kumtoa dume kutasimamisha utagaji. Pima uzito wake kila baada ya kutaga. Kwa levis angalia na mkia, maana ndiko anakoweka mafuta: ukiwa mnene yuko salama, ukisinyaa anajila mwenyewe.

Kalsiamu mara moja kwa wiki ni kidogo mno kwa jike anayetaga. Paka kalsiamu tupu karibu kila mlo, na yenye vitamini D3 mara moja au mbili kwa wiki. Weka na kisosi cha kalsiamu isiyo na D3 ajilambie. Nyenje walishwe vizuri siku moja kabla. Kalsiamu ikipungua mwilini mwa jike, utaona taya laini, miguu inayotetemeka, au mayai yanakwama tumboni. Jike anayechimba na kuacha, tumbo limejaa na hataki kula, apelekwe kwa daktari wa wanyama anayejua reptilia, usimkamue.

Jingine: umewapitisha kwenye ubaridi? Jike asiyepumzika huchakaa. Acha kulisha kama wiki mbili ili tumbo liwe tupu, kisha shusha joto taratibu hadi mchana nyuzi 20 hivi na usiku 15 hivi, punguza saa za mwanga, kaa hivyo miezi miwili. Maji yawepo siku zote. Mwenye mkia mwembamba asiingizwe kwenye ubaridi kabisa.

MchangaMwekundu
Asanteni sana. Nimefukua sasa hivi, yapo mawili mapya. Moja limebonyea kidogo. Lina matumaini?

Kifundo
Lina matumaini. Usiligeuze: weka alama juu kwa penseli na ulihamishe hivyo hivyo lilivyolala, maana kiinitete kikishajishikiza, kugeuzwa hukiua. Fukia nusu ya yai kwenye vemikulaiti mpya. Likiwa hai, mara nyingi hunywa maji na kujaa tena ndani ya siku chache. Baadaye limulike kwa tochi ndogo gizani: duara jekundu au mishipa ni dalili ya uhai, manjano matupu yasiyobadilika ni yai lisilorutubishwa. Nyuzi 28, themostati (kidhibiti joto) iwe imara, subiri miezi miwili na zaidi kidogo. Siku za mwisho mayai hutoka jasho na kubonyea hata yakiwa mazima, kwa hiyo wakati huo usikimbilie kuongeza maji. Kinda asilishwe kabla ya kujivua ngozi ya kwanza, na kila mmoja akae peke yake.

NyikaKame
Kuhusu amyae: subiri kwanza hawa levis watoe makinda. Amyae ni mkubwa kuliko wenzake wote wa jenasi hiyo, wa miamba ya katikati ya Australia, na mkia wake ni kijinundu tu. Kigezo cha mkia mnene hakimhusu. Mzani ndio utakaokuambia hali yake. Anataka mawe mapana yaliyoegemezwa sakafuni, si juu ya mchanga, asije akachimba yakamwangukia.

Kabla ya kutoa hela, dai nyaraka. Australia hairuhusu reptilia wake hai wa asili kusafirishwa nje kibiashara, kwa hiyo nje ya nchi hiyo mnyama halali ni wa ukoo uliozalishwa kwa wafugaji. Tangu Juni 2022 jenasi nzima ya Nephrurus imo katika Kiambatisho cha III cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, hivyo kumvusha mpaka kunahitaji hati hata kama amezaliwa kizimbani. Ndani ya Australia kwenyewe, uliza leseni ya jimbo husika. Muuzaji asiyeweza kutaja wazazi wa jozi hiyo, achana naye.