Broila na maji tumboni, Dodoma na Singida: tupeane uzoefu

Wakuu, kipupwe ndiyo hiki, na broila (kuku wa nyama) wanaanza kujaa maji tumboni na kufa. Dodoma mjini tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Singida kama 1,500. Leteni njia za kuzuia, zenye vipimo. "Hakikisha banda lina joto" tumeshaisikia.

Singida: Anzeni na dalili. Broila wa wiki ya nne anahema mdomo wazi na jua halijatoka, upanga wa kichwani umekuwa wa zambarau, tumbo ukilibonyeza linacheza kama kiriba. Ukimpasua unakuta maji ya manjano, rangi ya chai nyepesi, mengine yameganda kama ute, na moyo umetanuka upande wa kulia. Haliambukizi hili, kwa hiyo antibayotiki ni hela ya bure. Huku juu hewa ni nyepesi, mwili wa broila unakua kuliko mapafu, moyo unasukuma mpaka unachoka, maji yanavuja kutoka kwenye ini. Baridi inazidisha, maana kuku anayejipasha joto anatumia oksijeni nyingi.

Dodoma, Nala: Na hapo ndipo watu wanapoharibu: wanaogopa baridi, wanaziba banda lote. Pazia lifungwe chini, lishuke kutoka juu, na usiku kucha ubaki upenyo wa kiganja chini ya paa. Jiko la mkaa liwashwe nje, liingie mkaa ukishakuwa mwekundu mtupu. Kupima hewa, chuchumaa kichwa kiwe usawa wa kifaranga, kaa dakika moja. Macho yakiwasha, amonia, ile gesi ya kinyesi, imejaa; geuza au badili maranda ya sakafuni. Joto siku ya kwanza nyuzi 32 hadi 33, punguza 3 kila wiki mpaka 21. Kipimajoto kining'inie usawa wa mgongo wa kifaranga. Cha ukutani kinapima ukuta.

Kondoa: Wapunguzeni kasi. Siku ya 7 hadi ya 21 wape chakula cha unga, siyo cha punje (pellets), na giza la masaa sita mfululizo usiku. Usichanganye pumba ili "kubana", protini ikishuka umeharibu kingine. Watachelewa siku chache sokoni, lakini wengi watafika. Anayetumia balbu kwa joto ana kazi hapo: akizima taa kazima na joto, atafute jiko.

Swali, Manyoni: Na waliokwisha vimba?

Singida: Usimtoboe kumtoa maji, yanajaa tena. Mtenge, ondoa.

Dodoma, Ihumwa: Mmesahau maji ya kunywa. Visima vingi huku vina chumvi, na chumvi ikizidi ujazo wa damu unaongezeka, moyo ule ule uliochoka unabebeshwa tena. Onja kisima kwanza. Kama ni ya chumvi, mwambie anayekuchanganyia chakula apunguze chumvi yake, na zile pakiti za chumvichumvi za kutia kwenye maji achana nazo. Tenki la mvua litumike kwa vifaranga kwanza.

Manyoni: Asante. Mchana nyuzi 27, usiku 14. Pazia nipandishe saa ngapi?

Dodoma, Nala: Saa 11 jioni, kabla ubaridi haujaingia kwenye maranda. Asubuhi anza kushusha saa 3, upande usio na upepo kwanza. Kiangazi upepo wetu unatoka mashariki, kwa hiyo anayejenga upya alaze banda mashariki-magharibi, upepo ukutane na ukuta mfupi.

Manyoni: Langu limelala kaskazini-kusini.

Dodoma, Nala: Basi pazia la mashariki liwe turubai nzito, mkuu, na upenyo uache wa magharibi.